Mikono ya Célestine Siku ya Kukaguliwa

Kwa miaka arobaini, kila Alhamisi saa nane mchana, Célestine Repellin alipeleka mikono yake ikakaguliwe.

Glavu zilifuata baadaye, kwanza mikono. Siku hizo mji wa Grenoble ulikuwa bado unavisha mikono ya nusu ya dunia, na katika mtaa wa Saint-Laurent, pale mlima unapousogelea mto Isère hadi nyumba zinabanana kama meno, hukupanda ngazi yoyote usimkute mwanamke dirishani na sindano yake. Wanaume walikata ngozi kiwandani, wanawake walizishona nyumbani. Alhamisi walishuka na vikapu kwa Bibi Mollard, mgawa kazi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe mweusi, na kabla hajafunua kikapu cha mtu alisema neno moja tu: "Nionyeshe." Unanyoosha mikono juu ya meza, viganja chini, kisha viganja juu. Mkono wenye ufa hukwaruza ngozi ya mwanambuzi. Mkono wenye jasho huacha doa. Mkono unaotetemeka haukuzungumziwa kabisa; mwenyewe aliijua njia ya kurudi kwake.

Kwa hiyo wanawake walikuwa na ujanja wao. Jumatano mama yake Célestine hakumenya kiazi hata kama baba angelala njaa. Usiku walijipaka mafuta ya kondoo, yeye na mwanawe, wakalala wamevaa soksi kuukuu mikononi, wakicheka gizani kama wendawazimu wawili. Na Célestine alipokuwa na miaka kumi na mitano akajikata kidole cha shahada kwa kisu cha mkate, siku ya Jumatano hiyo hiyo, mama alivunja yai, akapaka ute kwenye jeraha mara tatu, kila mara akiupuliza ukauke, mpaka ukang'aa kama ngozi mpya. Kesho yake Bibi Mollard aliugeuza ule mkono mara mbili na asione kitu. Mama na mwana walipofika kona ya kanisa walicheka hadi kikapu kikawaponyoka.

"Siku ya ukaguzi, mwanangu," mama alisema akijifuta machozi, "mkono hauna ugonjwa. Ugonjwa unao siku nyingine."

Neno hilo Célestine alilishika kuliko katekisimu.

Aimé, mumewe, alitoka upande wa pili wa kazi hiyo hiyo. Alikuwa mkataji, na mkataji hafichi, yeye hufichua. Wauza ngozi walikuwa na tabia ya kusugua unga mweupe pale ngozi ilipokuwa nyembamba au iliposhambuliwa na kupe, ili ionekane safi. Aimé aliishika ngozi mbele ya dirisha, akajaza mashavu, akapuliza, fuuu, unga ukamrukia muuzaji machoni. "Ngozi iliyopambwa siikati," alisema. "Nionyeshe ubaya wake kwanza. Uzuri nitautafuta mwenyewe."

Na hakuwa na adabu ya kuliacha jambo hilo kiwandani. Kwenye dansi ya tarehe kumi na nne Julai, mwaka ambao Célestine alitimiza ishirini, alimkaribia akiwa na shati jeupe, akamtazama shavuni, akapuliza. Poda yote ikaruka. Célestine alimzaba kofi lililosikika hadi kwa wapiga kodiani. Dada yake Aimé, Fernande, aliyekuwa amesimama na bilauri ya sharubati, alicheka mpaka sharubati ikamtokea puani. Mwaka mmoja na nusu baadaye yeye na Célestine walikuwa mawifi.

Viwanda vikafungwa, kimoja baada ya kingine, kama taa za nyumba watu wanapokwenda kulala. Watu wakaacha kuvaa glavu. Bibi Mollard akafa. Aimé akastaafu, akabaki na mkasi wake mkubwa na meza yake jikoni, akikatia marafiki. Mwezi wa Novemba mwaka 1987 alikata jozi moja ya rangi ya zambarau kwa ajili ya mkewe, ngozi ya mwanambuzi laini kama kope za mtoto. Alimpimia mkono kwa kumshika tu, kama alivyofanya siku zote. "Hizi shona polepole," alimwambia. "Ni zako, hazina Alhamisi." Wiki mbili hazikupita moyo ukamsimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Célestine akaziweka zile ngozi kwenye droo, zimefungwa katika kitambaa. Alijiambia atashona kilio kikipoa. Kisha alijiambia atashona majira ya kuchipua. Ukweli ni kwamba glavu ambazo hazijashonwa bado zilikuwa kazi ya watu wawili, na zikishonwa zingekuwa za mmoja. Alipokuja kuwa tayari, kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeanza kusuguana na cha shahada chenyewe bila kutumwa, kama mtu anayeviringisha ncha ya uzi. Daktari wa mtaa akaupa ugonjwa jina: Parkinson.

Miaka kumi ilipita hivyo. Vidonge vilimsaidia, kisha vikaanza kumchezea. Akichelewa kumeza, aligeuka jiwe. Vikimkolea, mwili ulicheza ngoma asiyoisikia mtu mwingine. Katikati ya jiwe na ngoma kulikuwa na nafasi ndogo, robo saa labda, na robo saa haishoni hata kidole kimoja.

Ndipo akasikia habari za hospitali kubwa ya mji wao wenyewe, iliyo juu kidogo ya mto, mwendo wa dakika ishirini kutoka mlangoni kwake. Watu walikuwa wakija huko kutoka nchi za mbali kutiwa nyaya mbili nyembamba ubongoni, na betri ndogo chini ya ngozi ya kifua, na mikono yao ikatulia. Lakini hawakumtia kila mtu. Kwanza walimkagua.

Walimkagua kwa wiki tatu, majira ya vuli ya mwaka 1998. Walimpiga picha za kichwa. Walimuuliza kama analia sana, na akajibu, "Pale panapostahili." Kijana mmoja mwenye saa mkononi alimpima akili kwa kumwambia ataje wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja.

"Mwanambuzi," alisema Célestine. "Mbuzi. Mwanakondoo. Kondoo. Paa. Kulungu. Nguruwe mwitu. Ndama." Akanyamaza.

"Endelea, Bibi, bado sekunde arobaini."

"Hao wengine hawana ngozi ya maana."

Kijana akaandika kitu huku akiuma midomo asicheke.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, Thévenet, mwenye nywele fupi na sauti ya mtu asiyekimbizwa. Alimuuliza, "Bibi Repellin, tukikufanyia upasuaji huu, unatarajia upate nini?"

"Nishone jozi moja ya glavu."

"Moja tu?"

"Ni moja iliyobaki."

Daktari Thévenet alimtazama kidogo. "Hilo ni jibu zuri. Wengi huniambia wanataka kuwa vijana tena, nami huwarudisha nyumbani." Kisha akamweleza mtihani uliobaki, ule ulio mkubwa kuliko yote. "Jumanne utakuja asubuhi bila kumeza kidonge chochote tangu saa mbili usiku wa kuamkia siku hiyo. Tutakuona ulivyo. Tutaangalia mikono yako, miguu yako, mwendo wako, tutapiga picha za kamera. Halafu tutakupa dawa, tungoje saa moja, tuangalie tena."

Célestine aliyasikia yote. Lakini maneno yaliyoshuka chini kabisa, mahali ambapo mambo hayasahauliki, yalikuwa manne: tutaangalia mikono yako Jumanne.

Jumatatu usiku alijipaka mafuta. Si ya kondoo, siku hizi yako ya kopo, lakini soksi zilikuwa soksi. Na alfajiri, alipojikuta amelala kama gogo, hawezi kujigeuza wala kuifikia blauzi yake nzuri yenye vifungo kumi na viwili, alinyoosha mkono taratibu, kwa muda wa kama sala nzima, mpaka akakifikia kisanduku cha dawa. Akameza kidonge na nusu. Hakuona kuwa anadanganya. Alikuwa anakwenda kwenye ukaguzi. Unakwendaje na mkono mgonjwa?

Saa tatu aliingia hospitalini amechana nywele, amefunga vifungo vyote kumi na viwili, glavu za kijivu mkononi, wima kama mshumaa. Daktari alimwambia agonge kidole kwa gumba, afungue na kufumba ngumi, ainuke kitini mikono imekunjwa kifuani, atembee hadi mwisho wa ukumbi. Muuguzi, Nadège, alisimama nyuma yake akamvuta mabega ghafla kuona kama ataanguka. Hakuanguka. Akapewa dawa ndani ya kikombe cha maji. Saa moja baadaye wakarudia yote, na ikawa karibu vile vile.

Daktari Thévenet alikaa muda mrefu akizitazama karatasi mbili kana kwamba moja ingeiomba radhi nyingine.

"Sikiliza, Bibi Repellin. Hizi nyaya zinajua kufanya kazi ya kidonge, basi. Kidonge kinapoweza, nazo zinaweza, tena bila kukuchosha. Kidonge kinaposhindwa, nazo zinashindwa. Ndiyo maana tunataka kuona tofauti kati ya mtu asiye na dawa na mtu mwenye dawa. Na kwako..." Aliinua mabega. "Tofauti ni ndogo sana. Ijumaa tunakaa kikao, mimi na mpasuaji na wenzetu. Sitakudanganya. Sidhani watakubali."

"Asante, Daktari," alisema Célestine, akavaa glavu zake za kijivu, kidole baada ya kidole.

Fernande aliishi ghorofa ya juu, mjane naye, miaka sabini na mbili, bado mwenye kicheko kile cha sharubati. Yeye ndiye aliyempangia wifi yake vidonge kila Jumapili, kwa kuwa kisanduku kilikuwa na vyumba vidogo na vidole vya Célestine havikuviweza. Jumatano jioni alishuka na supu ya mboga na kipande cha jibini la Saint-Marcellin, akamkuta wifi amekaa bila taa.

"Unaomboleza nani?"

"Wamenikataa. Yaani, watanikataa Ijumaa."

"Kwa nini? Una nini wewe ambacho wengine hawana?"

"Dawa hainisaidii vya kutosha, wanasema."

Fernande aliweka supu mezani. "Dawa haikusaidii? Wewe? Mtu ambaye asubuhi nakuvisha soksi kama ninavika mguu wa meza, na baada ya nusu saa unanifukuza jikoni kwangu?"

"Ndivyo walivyoona."

Fernande alikuwa amekichukua kisanduku cha dawa na kukigeuza kwenye mwanga wa dirisha, jicho moja kafumba, kama kaka yake alivyokuwa akigeuza ngozi.

"Wifi."

"Nini?"

"Kidonge cha Jumanne asubuhi nilikuwekea, nikakifunga chumba chake kwa utepe ili usisahau ukameza. Mbona utepe haupo? Na mbona cha mchana kimebaki nusu?"

Kule chini mto ulipita na kelele zake za vuli.

"Ulimeza."

"Nisingeweza kufunga vifungo, Fernande."

"Vifungo!"

"Ningekwendaje pale? Nimepinda, mate yananitoka, mikono inapiga ngoma mbele ya kamera? Walisema wataangalia mikono!"

"Ee Mungu wangu, mtazame mwanamke huyu! Umekwenda kwa daktari ukamficha ugonjwa! Ulifikiri yule ni Mollard? Ulifikiri atakunyima kazi?" Fernande alikaa chini akacheka, akajifunika uso kwa aproni akacheka tena, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine. "Aimé angekuwepo angekupuliza wewe mpaka mlimani."

Célestine alitaka kukasirika. Aliinua mkono apige meza na mkono, kwa kuwa saa ya dawa ilikuwa imepita, ulibaki juu hewani ukitetemeka, hauendi wala haurudi. Wote wawili waliutazama. Akaona dansi ile, taa za karatasi zimetundikwa juu ya uwanja, shati jeupe linakuja. Shavu lake likahisi ule upepo mdogo wenye harufu ya tumbaku. Miaka arobaini na saba imepita na upepo ule ulikuwa bado na joto. Kofi lile alimpiga kwa sababu watu wote waliona madoa yake ya utotoni, na Aimé, mpuuzi yule, alisimama pale shavu limemwiva, akisema, "Afadhali. Sasa ninakuona."

"Nipe simu," alisema Célestine.

"Sasa hivi? Watakuwa wamefunga."

"Basi kesho saa mbili. Na usinipangie maneno. Nitasema mwenyewe."

Alisema mwenyewe. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ndoa na kuliko kuzika. Upande wa pili wa simu Daktari Thévenet aliuliza swali moja: "Kidonge na nusu, saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Asante kwa kuniambia. Ijumaa nitawaambia wasubiri. Njoo Jumatatu. Na Bibi Repellin, njoo kama ulivyoamka. Sitaki blauzi."

Jumatatu alikwenda kama alivyoamka. Fernande na dereva wa gari la wagonjwa walimbeba na kiti ngazi zote, naye amevaa gauni la kulalia na koti la Aimé juu yake, nywele zimesimama upande mmoja. Majirani wawili walikuwa mlangoni. Maisha yake yote Célestine hakuwahi kutoka nje ya mlango ule bila glavu mikononi. Alifumba macho.

"Habari ya asubuhi, akina mama!" Fernande aliwaita kwa sauti kubwa. "Tunampeleka dukani tulikomnunua, tukamrudishe!"

Kisichoweza kusemwa ni kwamba alicheka, kwa maana uso wake haukuweza. Lakini ndani alicheka.

Wakamwona. Kidole hakikufika kwenye gumba. Ngumi ilifunguka nusu ikasahau. Kitini hakuinuka, na Nadège alipomsimamisha akamvuta bega, alimwangukia kifuani mzima mzima kama shuka lenye maji, na yule binti akamdaka akasema taratibu, "Nimekushika, Bibi, nimekushika." Mate yakamtoka, Fernande akasogea na leso, na Célestine, kwa sauti isiyozidi pumzi, akasema, "Acha. Wayaone." Taa nyekundu ya kamera iliwaka muda wote huo.

Kisha kikombe cha maji machungu ya dawa. Kisha kungoja. Dakika ya arobaini begani kulilegea kitu, kama mtu aliyekuwa amemkalia ameinuka kwenda zake. Alisogeza shingo. Alisogeza mkono. Akaomba kitana.

"Sio kitana, tunaanza," alisema Daktari Thévenet, lakini alikuwa anatabasamu, na Célestine aliinuka kitini peke yake, mikono imekunjwa, akatembea hadi mwisho wa ukumbi akageuka kama askari. Baadaye dawa ilimzidi na mwili ukaanza kuyumba na kucheza, na hilo nalo waliliandika.

Daktari hakulinganisha karatasi kwa muda mrefu safari hii. "Tofauti kama hii," alisema, "siku nyingine huwa naiomba kwa Mungu." Akavua miwani. "Kwa nini hukuniambia kwamba unaona aibu?"

"Kwetu hawaulizi hivyo, Daktari. Kwetu wanasema nionyeshe."

Kikao kilikaa Ijumaa iliyofuata, na barua ikaja: wamekubali. Mwezi wa Februari walimnyoa nywele, jambo ambalo Fernande alilifanyia mzaha wiki nzima, wakamtia nyaya. Hakurudi kuwa kijana. Sauti yake ilibaki ndogo zaidi kuliko zamani, na miguu ilimkwama bado akipita kwenye milango. Kurekebisha betri kulichukua safari nyingi za kwenda na kurudi, tone kwa tone, kama mtu anayesaka kituo cha redio milimani. Lakini asubuhi moja ya Mei gumba na shahada vilikaa kimya mezani, kila kimoja na yake.

Alifungua droo. Kitambaa kilikuwa kimeshika harufu ya kabati, lakini ngozi ndani yake ilikuwa laini vile vile. Alama za penseli za Aimé zilikuwa bado zipo upande wa ndani, vistari vidogo, na moja alikuwa ameifuta akaiandika upya. Célestine aliipitishia kidole ile iliyofutwa kwa muda mrefu. Kisha akatia uzi kwenye sindano, mara ya nne ikaingia, akaanza na kidole kidogo cha kushoto.

Ilimchukua mpaka Septemba. Hazikuwa na Alhamisi.

Alipomaliza, Fernande alishuka, akavaa miwani, akaichukua ile ya kushoto akaipeleka dirishani, jicho moja kafumba.

"Kidole kidogo, mishono hii ya mwanzo," alisema. "Imelewa, wifi. Lete sindano, ni michache, tuifumue uirudie. Mollard angekutupia usoni."

Célestine alimnyang'anya ile glavu. Akaivaa polepole, kidole baada ya kidole, akashusha ngozi hadi kifundoni, akaunyoosha mkono juu ya meza, kiganja chini, kisha kiganja juu. Ilimkaa sawasawa. Aimé hakuwa amekosea hata unywele.

"Iache," alisema. "Ionekane."